Mwaka Niliotangaza Upepo Ngungu

Chantal alinipigia simu nikiwa Itebero, kwetu Walikale, nasahihisha mitihani ya jiografia, na mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata sikusikia jina alilolitaja mara ya kwanza. Akarudia polepole: “Papa Anselme ametuacha, dada. Jana asubuhi. Alikuwa anakunywa chai yake.” Sikuuliza ugonjwa, kwa sababu mapafu yake tuliyajua sote. Nilifunga madaftari, nikaomba ruhusa shuleni, nikasafiri siku tatu, kwa miguu, kwa pikipiki, na mwisho juu ya lori la mawese. Nilipofika Ngungu walikuwa wamekwisha kumzika. Sebuleni viti vilikuwa vimetolewa, mikeka imetandikwa, na wanawake walikaa wameegemea ukuta wakiongea kwa sauti ya chini. Shangazi mmoja nisiyemjua alinitazama viatu vyangu vilivyojaa tope, akauliza, “Huyu mama iko nani?” Mama Janvière, mjane wa Papa Anselme, hakuinua kichwa. Alisema, “Huyu iko Sifa. Ndiyo ule mutoto alikosea upepo.” Watu wakacheka kidogo, jinsi watu wanavyocheka kwenye kilio, na Mama Janvière naye akacheka, kisha akanishika mkono akalia. Ni miaka mingi sasa. Nina nywele nyeupe pembeni mwa masikio na wanafunzi wangu wananiita bibi nikiwa nimewapa mgongo. Lakini katika chumba kile nilikuwa bado yule msichana wa mwaka ule, na sikuona aibu kuitwa hivyo. Ulikuwa ukweli.

Nilifika Ngungu nikiwa na miaka ishirini na mbili, diploma ya sekondari ndani ya mfuko wa plastiki. Kazi niliyopewa, ya kutangaza upepo, ilihitaji mtu anayejua kuandika haraka na kusoma ramani. Mimi ni mtu wa msitu. Kwetu Walikale upepo unausikia tu, juu kabisa kwenye vichwa vya miti, kama watu wanaopita barabara usiyoiona. Mbingu unaiona kwa vipande. Ngungu nilikuta vilima vilivyo wazi, mashamba ya maharagwe na viazi yanayopanda hadi kwenye malisho ya ng’ombe, na mbingu nzima. Wiki ya kwanza nilitembea nimeinua uso mpaka nikajikwaa. Upande wa kaskazini-mashariki, mbali, ulikuwapo mlima wa moto, Nyamulagira. Watu wa mbali hudhani volkano ni hatari inapotapika moto tu. Sisi tulijua kwamba hata ikikaa kimya inapumua, na pumzi yake ina gesi ya kiberiti. Upepo ukiileta Masisi, wilaya ilimo Ngungu, majani ya maharagwe yanapata madoa kama yameungua, mabati yanaliwa na kutu kabla ya wakati wake, maji ya mvua yanayotoka kwenye paa yanakuwa machungu, na mwenye kifua kibaya anakaa mlangoni akitafuta hewa. Biro yetu, yaani ofisi yetu ndogo, iliwekwa pale kwa swali moja tu: kesho pumzi ya mlima itaangukia wapi?

Biro ilikuwa chumba kimoja cha mbao karibu na kanisa. Ndani kulikuwa na meza, batri ya gari, ramani ya Masisi iliyobandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na redio ya kuongelea ambayo tuliiita foni. Kila siku saa nane mchana kijana mmoja wa Goma, Désiré, alituita. Sikuwahi kumwona uso, lakini sauti yake ningeitambua hata leo. Yeye alikuwa na kompyuta iliyopokea hesabu za hali ya hewa kutoka mbali. Hesabu hizo aliziita modeli. Modeli ilichukua hewa ya dunia nzima, ikaikata vipande vipande, ikakadiria kila kipande kitasukumwa wapi baada ya masaa sita, kumi na mbili, ishirini na nne. Aliwahi kutuambia kwamba katika nchi nyingine hesabu kama hizo hutumiwa kujua gesi ya kiwanda kilichopasuka itaelekea wapi, ao vumbi la ugonjwa wa mazao litavuka mipaka gani. Désiré alinisomea namba, upepo wa chini, upepo wa mita elfu mbili, upepo wa mita elfu tatu, nami niliandika kwenye kaye, yaani daftari, huku foni ikikoroma. Papa Anselme, mkuu wa biro, alisimama mbele ya ramani na kalamu ya risasi, akachora mishale. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua, na kila mshale aliuchora kama mtu anayeandika barua kwa mtu anayemheshimu. Kisha tuliandika tangazo, ambalo watu waliliita bilten, nalo lilisomwa jioni kwenye redio ndogo ya pale Ngungu.

Tangazo lilikuwa na sehemu tatu, na hakuruhusu nizichanganye. Kwanza, upepo unaelekea wapi. Pili, kile tusichokijua. Tatu, cha kufanya: funika mapipa, usinywe maji ya mvua ya kwanza, wagonjwa wa kifua wabaki ndani na kitambaa chenye maji. Ile sehemu ya pili ndiyo iliyonichosha. Karibu kila siku ilisema jambo moja: modeli haijui vilima vyetu vizuri, kwa hiyo gesi inaweza kupita juu ao chini ya mahali tunapotaja, watu wa juu wajichunge pia. “Mu ile modeli,” Papa Anselme aliniambia, akiweka kiganja chake kwenye meza, “Masisi yote iko hivi, sawa. Bonde haiko, kilima haiko. Sasa wewe unaishi ku meza?” Nilicheka. Niliona ni maneno ya mzee anayependa kujikinga.

Nililala nyumbani kwake, katika chumba kilichohifadhi mbegu za maharagwe, na kwa mwaka mzima nguo zangu zilinukia gunia. Ukuta kati ya chumba changu na chao ulikuwa wa mbao zisizokutana vizuri. Kila asubuhi niliamshwa na wawili wale wakisali, kisha wakiongea maneno madogo, nani apeleke mbuzi, nani kakohoa zaidi usiku. Jikoni Mama Janvière alinifundisha kula viazi vya moto na jibini ya Masisi, nami nilimpa mawese niliyoletewa kutoka kwetu. Alikuwa akiyanusa kabla ya kuyatia kwenye sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, na kusema, “Walikale inanuka utajiri.” Chantal alikuja pale karibu kila jioni. Alikuwa mshonaji, nyumba yake ilitazamana na biro, na mumewe alikuwa Bisie, kwenye migodi, akichimba madini. Alikuwa na mimba ya kwanza, na alikuwa na pumu tangu utoto. Kila neno la tangazo lilimhusu, na bado yeye ndiye aliyelidhihaki kuliko wote. Tukisikiliza redio pamoja aliiga sauti ya mtangazaji: “Gesi inaweza kuya, inaweza kubaki, inaweza kuenda kuoa!” Mama Janvière alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi nilicheka pia, ila moyoni niliumia. Sokoni wanaume walinisalimu, “Jambo, dada Inaweza.” Nilikuwa na umri ule ambao jina la utani linaweza kukukosesha usingizi.

Ndipo Papa Anselme alipokwenda Masisi-centre kwa mkutano wa siku nne. Kabla ya kuondoka aliniachia kalamu yake ya risasi, akaniambia tu, “Uandike vile tunaandikaka.” Siku ya pili Désiré aliniita, na namba zake zilikuwa nzuri. Zote zilikubaliana. Mlima ulikuwa unapumua sana juma lile, upepo ungegeuka na kuja kutoka kaskazini-mashariki, na asubuhi baridi ingeikandamiza gesi hadi chini. Nilichora mishale yangu mwenyewe. Ilikuja moja kwa moja Ngungu, bondeni, kama njia ya ng’ombe. Niliandika sehemu ya kwanza na ya tatu. Nilianza ya pili, nikaitazama, nikaikata kwa mstari mmoja. Badala yake niliandika: “Kesho asubuhi gesi itakuwa bondeni. Wagonjwa wa kifua wapande juu kwenye malisho, huko hewa itakuwa safi.” Nakumbuka raha niliyoipata. Tangazo lilikuwa fupi, lilikuwa na nguvu, na halikuwa na ile “inaweza” hata moja. Jioni, jikoni kwa Mama Janvière, hakuna aliyecheka. Chantal alizima redio, akaniuliza kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia nami, “Sifa, ni kweli hivi?” Nikamwambia, “Ni kweli. Uende kwa shangazi yako kule juu, mapema sana.” Akasema asante. Hilo ndilo neno linaloniuma mpaka leo, kuliko yote yaliyofuata.

Asubuhi bonde liliamka na jua. Nilisimama nje ya biro nikinusa kama mbwa, na sikunusa chochote ila moshi wa majiko. Watu walianza kutoka, wakaenda mashambani wakinitazama. Mimi nilitazama juu. Kwenye migongo ya vilima, kule kwenye malisho, kulikuwa na kitu cheupe chenye rangi ya samawi kidogo. Hakikuwa ukungu, maana ukungu hutembea, kile kilikaa. Gesi ilitoka kwenye mlima mrefu, ikaja ikiwa juu, ikagonga vilima virefu kwanza, na baridi ya bondeni ikaizuia isishuke. Papa Anselme angejua. Angewaonya watu, kwa ile sentensi moja tu niliyoikata. Nilikimbia kupanda. Nusu ya njia niliwasikia kabla ya kuwaona: watu wakikohoa, wakishuka na kanga mdomoni, mzee mmoja akivutwa na mjukuu wake. Harufu ilikuwa ile ya njiti ya kiberiti inapowashwa, ila haikuisha. Nyuma yao wanaume wanne walikuwa wamebeba kipoyi, machela ya miti ya kubebea wagonjwa, na ndani ya kipoyi alikuwa Chantal, amekaa kwa sababu kulala kulimziba kifua, mikono imeshika miti ya pembeni, midomo imebadilika rangi. Aliniona. Hakuwa na pumzi ya kusema neno, na alinitazama tu mpaka wakanipita.

Alikaa siku mbili kwenye kituo cha afya. Muuguzi alikuwa na pampu moja ya dawa ya pumu, akaigawa kwa saa kama mtu anayegawa chumvi wakati wa vita. Mimi nilikaa nje ya dirisha kwa sababu sikuthubutu kuingia, na kutoka pale nilihesabu kila pumzi iliyopigiwa filimbi na kifua chake. Mama Janvière alileta uji asubuhi na jioni, akapita mbele yangu bila kunigombeza, akaniachia bakuli langu chini. Siku ya tatu muuguzi aliweka kile kifaa chake cha mti kwenye tumbo la Chantal, akasikiliza muda mrefu, kisha akatoka akafunga mlango. “Mutoto anacheza,” alisema. “Mama yake amechoka, lakini mutoto anacheza.” Nililia pale pale kwenye majani, na sikujali nani ananiona.

Jioni ile Papa Anselme alirudi. Hakupita nyumbani kwanza. Nilikuwa jikoni, nikimenya viazi ili mikono ipate kazi, redio ikaanza, na sauti iliyosoma tangazo ilikuwa yake. “Mimi Anselme, ndiyo mukubwa wa biro ya upepo,” alisema, kikohozi kikimkata. “Bilten ya juzi iliwaambia wagonjwa wapande ku malisho. Ilikuwa mubaya. Watu wameumia. Ile bilten ilitoka ku biro yangu, na kosa iko yangu. Naomba musamaha.” Hakutaja jina langu. Kiazi kilinitoka mkononi. Mama Janvière alikiokota, akakiosha, akakirudisha kwenye sufuria. Kabla ya kupambazuka niliwasikia kupitia mbao, wakidhani nimelala. Mama Janvière alisema, “Sasa watu watakutukana wewe ku soko. Kwa nini umechukua kosa ya mutoto?” Papa Anselme akasema, “Janvière, ni mimi nilimupatia kalamu. Sikumwambia ni kwa nini tunaandikaka vile. Nilimwambia tu aandike.” Na baada ya kikohozi: “Ile sentensi ya pili haiko ya kutukinga sisi. Iko ya kuwaachia watu macho yao. Ukimwambia muntu unajua yote, anafunga macho.”

Siwezi kusema kama aliyasema ili niyasikie. Nimejiuliza mara nyingi, hasa siku hizi ninapowafundisha watoto wa watu na kuwaambia cha kuandika bila kuwaambia kwa nini. Najua tu kwamba jua lilipotoka nilikwenda kwa Chantal. Alikuwa amerudi nyumbani, ameegemea mito miwili, cherehani imefunikwa shuka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia namba zilivyokuwa, mstari niliochora kwenye sentensi, na sababu, kwamba nilichoka kuchekwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani akasema, “Enda, Sifa.” Nikaenda. Siku hiyo hiyo nilimwomba Papa Anselme ruhusa, nikaingia kwenye redio nikasema kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Sokoni mwanamke mmoja alinitemea mate miguuni, maana yule mzee aliyevutwa na mjukuu alikuwa baba yake, naye alikohoa mwezi mzima kabla ya kupona. Niliyapokea. Mwanamke mwingine, siku hiyo hiyo, aliniwekea mchicha mkononi akasema, “Kula, mwanangu. Umekonda sana.” Sijui hadi leo ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa gumu zaidi kulibeba nyumbani.

Kazi ilibadilika. Papa Anselme alinituma vilimani, nyumba kwa nyumba, kuomba kitu kimoja: mkinusa kiberiti, tuma mtu atuambie ni saa ngapi na ni wapi. Nilidhani watanifukuza, na wawili watatu walinifukuza. Waliobaki walinikalisha, wakanipa maziwa, wakanieleza mambo ambayo modeli haikuyajua: kwamba korongo lile hupata harufu asubuhi tu, kwamba nyuma ya msitu wa mianzi haifiki kamwe, kwamba ng’ombe hukataa nyasi siku moja kabla ya watu kukohoa. Niliyatia yote kwenye ramani kwa kalamu nyekundu. Saa nane nilimsomea Désiré, na huyo kijana wa kompyuta akasema kwenye foni, “Rudia, rudia polepole, nataka kuandika.” Baada ya miezi mitatu mishale yetu ilianza kupinda kufuata mabonde. Tulikosea bado. Lakini sasa watu walitusahihisha jioni ile ile, na hakuna aliyeniita tena kwa lile jina, ingawa tangazo lilikuwa na “inaweza” nyingi kuliko zamani.

Chantal hakuongea nami muda wote huo. Tuliishi tukitazamana, mlango kwa mlango, na nilisikia cherehani yake ikianza kila asubuhi. Ilikuwa karibu na siku zake za kujifungua Désiré alipotusomea tena namba mbaya, mlima unapumua, upepo unageuka. Tuliandika tangazo kwa saa nzima. Jioni, baada ya redio, nilimwona akivuka barabara, tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni. Alisimama mlangoni mwa biro. Papa Anselme alichukua kofia yake akatoka, akijifanya ana kitu kanisani. “Nimesikia bilten,” Chantal alisema. “Sasa wewe, siyo redio, wewe Sifa, unasema nini?” Nilitaka sana kumpa kitu kigumu cha kushika. Nikasema, “Najua itatoka kaskazini-mashariki. Najua itapita juu kwanza. Kama itashuka huku, sijui. Ningekuwa wewe, ningebaki ndani mpaka saa sita.” Alifikiri. “Basi kesho ukuye tubaki pamoja,” akasema.

Nilikwenda kabla ya jua. Tuliziba nyufa za mbao kwa vitambaa vyenye maji, tukafunika pipa, tukafunga dirisha. Chumba kilikuwa na giza la vitambaa na harufu ya mafuta ya cherehani. Alinipa nguo ndogo ya mtoto niishonee vifungo, nami sikujua kushona, akanifumulia na kunionyesha tena mara tatu. Mtoto huyo alizaliwa wiki mbili baadaye, msichana mwenye kilio kikubwa, na juzi kwenye msiba wa Papa Anselme ndiye aliyeniletea maji ya kunawa miguu. Lakini asubuhi ile tulikuwa watatu tusiojua. Kama saa nne harufu ilikuja, nyembamba, kama mtu amewasha njiti chumba cha pili. Kifua cha Chantal kikaanza kuimba. Nikamshika mkono, akaubana, tukahesabu pumzi zake pamoja kwa sauti. Kisha harufu ikapungua. Tulisikiliza upepo ukigeuka kwenye mabati. Saa sita ilipopita akaniambia, “Fungua dirisha.” Nikasema tungoje kidogo. “Sifa, fungua.” Niliweka kiganja kwenye ubao, nikakwama hapo. Aliinuka polepole, akaja, akaweka kiganja chake juu ya changu, tukasukuma ule ubao wa dirisha pamoja. Mwanga ukaingia, na kelele za watu waliokuwa wakifungua nyumba zao. Chantal akavuta pumzi ndefu mpaka mwisho, na wakati wote alipokuwa akiivuta hakutazama nje; alinitazama mimi.